Giligilani inageuka nyekundu na kudumaa: ni virusi, ni maji, au ni njaa ya udongo?

#1 MkulimaUsaRiver (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za kazi. Ninalima giligilani robo ekari karibu na Usa River, na mzigo wangu huuzwa soko la Kilombero mjini Arusha. Huu ni msimu wa tatu ninapambana na tatizo lilelile. Wiki ya tatu baada ya mbegu kuota, baadhi ya mashina huanza kuwa ya manjano kwenye kingo za majani, kisha manjano hayo huingiwa na wekundu unaokaribia zambarau, na mmea husimama palepale ukiwa na urefu wa kiganja wakati jirani yake ameshafika tayari kufungwa fungu.

Msimu wa kwanza muuza pembejeo aliniambia ni upungufu wa naitrojeni, nikaweka urea mara mbili bila kuona badiliko lolote. Msimu wa pili nikauziwa dawa ya ukungu, na ingawa sikuona ukungu kwenye jani hata moja, nilipiga kwa sababu nilikuwa nimekata tamaa. Sasa nimefikia hitimisho langu mwenyewe, na ninaliweka hapa ili anayeweza kulipinga alipinge: hivi ni virusi. Mmea mgonjwa unakaa katikati ya mizima miwili iliyokula mbolea ileile na kunywa maji yaleyale, na njaa ya udongo haichagui shina moja kwenye mstari. Jambo la mwisho ni kwamba jirani yangu wa mashariki analima karoti mwaka mzima, na upande ule ndio wenye hali mbaya zaidi.

#2 MstaafuWaUgani
Ahsante kwa kueleza kwa utaratibu. Kabla ya kukubali au kukataa ninaomba mambo matatu. La kwanza, je, manjano yanaanzia kwenye majani ya chini yaliyokomaa, au kwenye majani machanga ya juu? Naitrojeni ikipungua, mmea huihamisha kutoka jani kuukuu kwenda jani jipya, hivyo huanza kugeuka chini. Chuma kikikosekana, hali huanza juu kwa sababu chuma hakihamishiki. La pili, ng'oa mimea mitano migonjwa na mitano mizima, osha mizizi kwenye ndoo, uangalie kama ina vinundu vya minyoo fundo. La tatu, geuza majani na utazame chini yake kwa lenzi ukitafuta vidukari au maganda meupe wanayoyavua wanapokua.

Hoja yako ya mmea mmoja kati ya mizima miwili ina nguvu, lakini minyoo fundo nao hukaa kwa mafungu, na macho yaliyochoka huona shina mojamoja mahali penye kifungu kizima.

#3 FundiMajiMeru
Mkuu #1, mimi nitakupinga waziwazi. Unaishi chini ya Mlima Meru, ambako maji ya mito na visima vingi yana floridi nyingi na magadi ya sodiamu, na kila aliyekulia Maji ya Chai anaujua ushahidi wake kwenye meno. Ukimwagilia maji yenye magadi mwezi baada ya mwezi, udongo huzidi kuwa wa alkali, chuma hujifunga, na majani machanga hubaki ya manjano huku mishipa ikiwa ya kijani. Ongeza hapo kwamba udongo wetu wa volkano hushika fosforasi na kuinyima mimea, na mmea wenye njaa ya fosforasi hudumaa na kuwa wa zambarau. Umeshapata manjano, zambarau na udumavu, na hatujahitaji kumwita mdudu wala kirusi yeyote.

Kuhusu upande wa mashariki, hebu tuambie kama mfereji wako unaingilia upande huohuo.

#4 MkulimaUsaRiver
#3, ninakiri kwamba mfereji unaingilia mashariki, na hilo sikuwa nimelifikiria. Lakini #2, nimeangalia asubuhi hii: manjano yanaanzia majani ya chini na ya kati, na mishipa haibaki kijani, inageuka pamoja na jani zima. Mizizi ya mimea mitano migonjwa ni midogo lakini haina vinundu. Vidukari nimewakuta kwenye mashina matatu kati ya kumi, wa rangi ya kijani kibichi, wachache mno kiasi kwamba singewaita shambulio.

#5 Kinangop_Mkulima
Salamu kutoka Nyandarua. Huku kwetu tunaiita dania, na karoti ndiyo mazao yetu ya kila siku, kwa hiyo ninaijua rangi unayoieleza. Kwenye karoti majani ya nje huwa mekundu na ya manjano, katikati huchipua vijani vifupi vilivyojikunja, na ukichimba unakuta karoti nyembamba ambayo hakuna dalali atakayeinunua. Wazee wetu husema ni baridi ya Julai. Mimi niliamini hivyo hadi mwaka nilipopanda dania kandokando ya karoti zilizoachwa ardhini kusubiri bei, na dania ikawa nyekundu mwezi wa Machi, wakati wa joto. Baridi haikuwepo. Karoti kuukuu zilikuwepo.

#6 BintiUnguja
Naomba tuelewane kwa majina kwanza, kwani uzi huu utasomwa pwani pia. Kwetu Unguja majani ni kotmiri na punje kavu ni giligilani, wakati bara wengi huita vyote giligilani. Nasema haya kwa sababu nina swali juu ya punje. Wakulima wengi, nami nikiwemo, hununua punje za dukani zilizokusudiwa kuwa kiungo cha pilau, tunazipasua mbili na kuzisia. Je, ugonjwa hauwezi kuwa umekuja nazo kutoka nchi zilikotoka? Mtu anayepanda punje za dukani hajui shamba lao mama lilikuwa na hali gani.

#7 Salinas_Mbongo
Nimeishi na kufanya kazi ya mashamba katika bonde la Salinas, California, kwa miaka kadhaa, na kotmiri na paseli ni mazao makubwa huku. Picha anayoichora #1 na anayoithibitisha #5 inafanana na ugonjwa unaojulikana hapa kwenye karoti, paseli na kotmiri, ambao kwa Kiswahili ningeuita udumavu wa mabaka wa karoti. Uliandikwa Australia mwaka 1948, na umeonekana katika nchi nyingi zinazolima karoti.

Ugonjwa huu una zaidi ya kirusi mmoja ndani yake. Wa kwanza ni kirusi cha wekundu wa majani ya karoti, cha kundi la polerovirusi. Wa pili ni kirusi cha mabaka ya karoti, au ndugu yake anayefanana naye, na hawa ni umbravirusi. Umbravirusi hana vazi lake la protini, na bila vazi hilo hawezi kubebwa na mdudu, kwa hiyo ndani ya mmea ulioambukizwa na wote wawili huvaa vazi la mwenzake na kusafiri nalo. Anayewabeba ni kidukari aitwaye *Cavariella aegopodii*, ambaye penye majira ya baridi hutaga mayai kwenye miti ya jamii ya msafsafi, na pasipo baridi kali huishi kwenye mimea ya jamii ya karoti mwaka mzima.

Dada #6, virusi hivi haviendi na mbegu. Kinachokwenda na mbegu ya kotmiri ni bakteria aitwaye *Pseudomonas syringae*, na dalili zake ni madoa yenye kona, yanayoanza kama yamelowa maji na kuishia kahawia au meusi. Ukiona madoa ya namna hiyo, ilaumu mbegu. Ukiona mmea mzima umegeuka rangi na kudumaa, mtafute kidukari.

#8 MstaafuWaUgani
Maelezo ya #7 yamenikumbusha jambo ambalo wakulima wa karanga wa Tanzania wanalijua bila kulijua jina lake. Ugonjwa wa rozeti ya karanga una utaratibu huohuo: umbravirusi asiye na vazi, kirusi msaidizi anayemwazima vazi, na kipande cha tatu cha chembe za urithi ambacho ndicho hasa huleta dalili, vyote vikibebwa na kidukari mweusi wa kunde. Kwa hiyo wazo la magonjwa mawili kusafiri katika nguo moja si geni katika ardhi hii.

#9 KongwaKwetu
Mzee #8, rozeti hiyo ndiyo iliyoletwa na Waingereza kwenye mradi wa karanga wa Kongwa, sivyo?

#10 MstaafuWaUgani
Hapana, kijana wangu, ingawa ninaelewa kwa nini kila mtu wa Kongwa hufikiri historia ya karanga ilianzia nyumbani kwao. Rozeti iliandikwa mwaka 1907 na Zimmermann, wakati nchi hii ikiwa chini ya Wajerumani, na mradi wa karanga ulianza mwaka 1947, miaka 40 baadaye. Isitoshe, rozeti imeonekana Afrika tu, ilhali karanga zenyewe zilitoka Amerika ya Kusini, jambo linaloonyesha kwamba zilipofika zilikuta virusi hivyo vikiishi kwenye mimea mingine ya kwetu. Hilo ndilo linalonifanya niwe makini hata na giligilani, kwa kuwa chanzo kinaweza kuwa gugu la pembeni ambalo hakuna aliyewahi kulitazama.

#11 MamaGunia
Wapendwa, ninalima kotmiri kwenye magunia Tabata, Dar es Salaam, na zangu hazijawahi kuwa nyekundu. Zangu hupata mabaka ya kijani hafifu na kijani iliyokolea, mishipa inang'aa kama uzi, na majani hujikunja. Karoti hazipo mtaa mzima. Nyanya, matango na pilipili zipo kila ua. Je, huu ni ugonjwa uleule? Na zaidi ya yote, nina wajukuu wanaokula kachumbari kila siku: mtu akila kotmiri yenye virusi, anapata madhara gani?

#12 Salinas_Mbongo
Mama #11, shikamoo. Virusi vya mimea haviambukizi binadamu, kwa hiyo wajukuu hawana hatari kutokana na kirusi chenyewe.

Dalili zako ni za kundi jingine. Mabaka, mishipa inayong'aa na majani kujikunja huletwa mara nyingi na virusi ambavyo kidukari hubeba kwenye ncha ya mdomo. Kirusi cha mabaka ya matango hushambulia mimea ya aina nyingi mno, na jirani mwenye matango na pilipili anatosha kuwa chanzo. Kirusi cha mabaka ya alfalfa huleta manjano makali yanayoonekana kwa mbali. Hapa California, katika miaka ya 2000, kulitambuliwa kirusi mwingine, wa kundi la potivirusi, kwenye kotmiri, paseli na seleri, aitwaye Apium Y, ambaye pia anaishi kwenye gugu lenye sumu la jamii hiyohiyo ya karoti linaloota kingo za barabara na mifereji. Kwa macho matupu hutaweza kuwatenganisha hawa, na wawili wanaweza kukaa katika mmea mmoja.

Tofauti ya ubebaji ina maana kubwa kwa mkulima. Ili ambebe kirusi cha wekundu, kidukari lazima anyonye mmea mgonjwa kwa muda mrefu, kisha kirusi apite tumboni na kufika kwenye tezi za mate, na baada ya hapo kidukari hubaki na uwezo wa kuambukiza kwa siku nyingi. Potivirusi na kirusi cha matango humshika kidukari kwa sekunde chache tu anapoonja jani, na humwachia jani la pili au la tatu analoonja. Dawa ya kuua wadudu inaweza kusaidia dhidi ya wale wa kwanza, ikiwa inawahi. Dhidi ya hawa wa pili kidukari huwa ameshaambukiza kabla dawa haijamwangusha, na mara nyingine dawa humfanya ahangaike na kuonja mimea mingi zaidi.

#13 MstaafuWaUgani
Ninasimama na #12 na kuongeza jambo ambalo linanikosesha usingizi. Giligilani hukaa shambani siku 30 hadi 45 tu, na huliwa mbichi. Mkulima anayepiga dawa kila wiki dhidi ya kirusi ambacho dawa haikigusi, kisha akavuna siku tatu baadaye, amemlisha mtu sumu na ugonjwa umebaki. Nimeona mafungu sokoni yakiwa na ukungu mweupe wa dawa kwenye majani. Tafadhalini, soma kibandiko cha siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na kama siku hizo zinazidi umri uliobaki wa zao lako, acha dawa hiyo dukani.

#14 FundiMajiMeru
Nimesoma yote, na sijashawishika kwa upande wa #1. Kwamba ugonjwa fulani upo California na Australia hakuthibitishi kwamba ndio ulioko Usa River. Amesema yeye mwenyewe vidukari ni wachache, na mfereji unaingilia upande ulioathirika. Nenda kapime maji na udongo kwanza, kwani ni nafuu kuliko kupima virusi.

#15 Salinas_Mbongo
#14, hoja ya ushahidi ninaikubali kabisa, na kipimo cha maabara ndicho kitakachosema. Lakini uchache wa vidukari hauwaondolei hatia. Wanaoleta kirusi shambani huwa wenye mabawa, hutua, hunyonya, huzaa wachache na kuondoka, na dalili hujitokeza wiki mbili au zaidi baadaye. Ukija na lenzi siku hiyo unakuta nyumba tupu.

#16 MtafitiMchanga
Samahani kwa kuingia katikati, ninasomea afya ya mimea Morogoro. Kuna mshukiwa wa tatu ambaye hajatajwa. Faitoplazima ni vijidudu vya jamii ya bakteria wasio na ukuta wa seli, wanaoishi kwenye mirija ya chakula ya mmea na kubebwa na wadudu warukaji wa majani, na mimea ya jamii ya karoti ni miongoni mwa wanaowapokea. Dalili zao pia ni manjano, wekundu na udumavu, na katika karoti ni vigumu kuzitofautisha na virusi. Alama inayosaidia ni maua: acha mimea michache migonjwa itoe maua, na kama petali zinageuka kijani au vichipukizi vinajaa kama ufagio, elekea huko. Kwa kipimo, maabara itatafuta chembe za urithi za bakteria, hivyo ukiomba kipimo cha virusi peke yake utaletewa jibu la kwamba hakuna kitu.

#17 Kinangop_Mkulima
#16, umetupa kazi mpya, ila umesema jambo la maana. Mimi nina swali la vitendo. Kwenye rozeti mzee #8 anajua kwamba dawa ya wakulima ni kupanda mapema na kubananisha, kwa sababu kidukari anayeruka huvutiwa na mmea mmoja mmoja uliozungukwa na udongo mtupu kuliko shamba lililofunika ardhi. Je, tukisia dania kwa kubananisha haitakuwa vivyo hivyo? Msimu uliopita kitalu changu nilichosia kwa kumwaga kilikuwa na wagonjwa wachache kuliko kile cha mistari. Ndugu yangu wa Usa River, ukitaka kuja kujionea njoo, viazi vya Kinangop havijawahi kumwangusha mgeni.

#18 BintiUnguja
Huenda ilikuwa na wagonjwa walewale, ila walifichwa na wengi wazima. Ulihesabu?

#19 Kinangop_Mkulima
Sikuhesabu, dada. Nilitazama tu kwa macho, na swali lako ni la haki.

#20 Salinas_Mbongo
Huku kwetu kinachosaidia zaidi ni kuvunja daraja la kijani kati ya zao kuukuu na zao jipya. Kwa kirusi cha mabaka ya saladi, wilaya ya Monterey ina kipindi cha kisheria, tarehe 7 hadi 21 Disemba, ambapo saladi haitakiwi kuwepo shambani, na wakulima wa seleri nao walitumia mbinu ya namna hiyo dhidi ya kirusi cha seleri. Kwa kotmiri ushauri ni kutopanda karibu na karoti za zamani na kung'oa magugu ya jamii hiyo. Najua Arusha mashamba ni robo ekari na jirani hawezi kuamriwa aache karoti, lakini makubaliano ya wiki mbili kwenye mfereji mmoja yanaweza kufikiriwa.

#21 MstaafuWaUgani
Kuhusu vipimo, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania ina makao yake Ngaramtoni, safari fupi kutoka kwa #1, na kwa ndugu wa Kenya, KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea la huko, wana kituo Muguga. Peleka mmea mzima pamoja na mizizi yake, uliofungwa kwenye gazeti lenye unyevu kidogo ndani ya mfuko, ufike siku ileile. Peleka mmoja unaoanza kuugua, kwani uliokaribia kufa huwa umeshaingiliwa na mengine, na peleka mmoja mzima wa kulinganisha.

#22 MkulimaUsaRiver
Wakuu, nimerudi baada ya wiki sita. Sampuli nimepeleka na jibu bado sijapata. Lakini sikutaka kukaa bure, nikapanda matuta manne: mawili upande wa mashariki karibu na karoti na mfereji, mawili magharibi. Katika kila upande tuta moja nililifunika kwa neti ya kuzuia wadudu tangu siku ya kusia, jingine likabaki wazi. Safari hii nimehesabu, dada #18, mimea 100 kila tuta.

Mashariki bila neti, wekundu 31. Mashariki chini ya neti, 4. Magharibi bila neti, 12. Magharibi chini ya neti, 3. Maji ni yaleyale na samadi ni ileile. Lakini naomba niseme na lisilonipendeza: katika matuta yote mawili ya mashariki, lenye neti na lisilo na neti, mistari iliyo karibu kabisa na mfereji ina majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani, kama alivyoeleza #3. Hiyo sikuihesabu na wekundu.

#23 FundiMajiMeru
Nakushukuru kwa uaminifu wa kutaja hilo la mwisho. Mfereji wako una kesi yake ya kujibu. Kuhusu neti, nakupa pongezi, lakini neti pia hupunguza jua, upepo na ukavu wa udongo, na mmea uliopumzika hauwi mwekundu kirahisi. Ningependa kuona tuta lenye kivuli kisichozuia wadudu.

#24 MtafitiMchanga
Naunga mkono #23, na ninaongeza kwamba neti huzuia vidukari na warukaji wa majani pia, kwa hiyo matokeo haya hayajamtenganisha kirusi na faitoplazima. Umeacha mingapi itoe maua?

#25 MkulimaUsaRiver
Nimeacha sita kati ya ile 31, na mitatu imeanza kutoa vikonyo. Tuta la kivuli nimelisia jana jioni, upande wa karoti, na mfereji nimeupitishia mbali nalo.